Fomu Moja Iliyobaki

Asubuhi ya safari yetu ya mashambani nilijaza fomu ili nipewe sweta langu mwenyewe. Nalisema tena, asije mtu akadhani natia chumvi: sweta langu, nililolifuma kwa mikono yangu hii, lililokuwa kwenye kabati langu, ndani ya chumba ninacholala mimi. Mume wangu alikuwa ameziba mlango wa chumba kwa meza. Yeye upande wa ndani, mimi upande wa nje.

"Rangi?" akaniuliza.

"Baba Pacha, si unalijua sweta lenyewe?"

"Mimi ninalijua. Fomu hailijui."

Basi nikaandika: kijani.

Mume wangu alikuwa mtunza stoo wa hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Kila shuka, kila ndoo, kila boksi la glavu lililokwenda wodini lilipita mikononi mwake, na halikupita bila karatasi. Mtaani wanamwita Stoo. Mimi namwita Baba Pacha, kwa sababu tulijaliwa mabinti wawili kwa mpigo, na siku waliyozaliwa alimwuliza muuguzi kama wamehesabiwa mara mbili.

Miezi minne kabla ya safari hii alistaafu. Wakampa saa ya ukutani, wakampigia makofi, wakachukua funguo. Zilikuwa funguo ishirini na mbili, na alizoea kuzining'iniza kiunoni. Alipozivua, akawa anatembea kama mtu aliyeinamia upande mmoja. Nilidhani jambo hilo litamchekesha. Hakucheka. Alivuta kiti akakiweka dirishani, akaketi na kalamu yake mfukoni mwa shati, akaanza kutazama nje. Chai ikipoa, sawa. Jirani akija, sawa. Umeme ukikatika, sawa. Nilikuwa namwona anapungua kama sabuni kwenye beseni, na mimi ni mshonaji, kazi yangu naifanyia hapo hapo sebuleni, kwa hiyo nilikuwa namwona kutwa. Niliogopa. Sina haja ya kuficha, niliogopa sana kwamba siku moja nitageuka kutoka kwenye cherehani nikute kimebaki kiti na kalamu.

Kwa hiyo binti yetu mkubwa (ni mkubwa kwa dakika kumi na moja, na hajawahi kuturuhusu tusahau) alipopiga simu kusema rafiki yake wa kazini ana nyumba ndogo huko mashambani, iko mlimani, iko wazi kwa siku tatu, nilikubali kabla hajafika mwisho wa sentensi.

"Na baba atakubali kutoka?" akauliza.

"Atatoka tu! Mwanangu, nimechoka kumwangalia. Nikikaa humu ndani wiki moja nyingine nitapata wazimu. Nahitaji kupumua."

Niliyasema hayo nikiwa jikoni, kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara huisikia vizuri akiwa na redio yake imewashwa. Halafu nikakata simu, nikaendelea na vitunguu, nikasahau nilichosema.

Baba Pacha nilipomwambia habari ya safari alisema, "Aha." Si ndiyo, si hapana. Nikaamua kuihesabu kuwa ndiyo, maana mimi nikitaka jambo huwa sisubiri kubembelezwa.

Kilichomwamsha ni utabiri wa hali ya hewa. Alhamisi jioni redio ilisema kwamba huko tunakokwenda kutakuwa na mawingu kiasi, vipindi vya jua, mvua katika maeneo machache, na upepo wa kubadilikabadilika. Utabiri wa namna hiyo haujawahi kukosea tangu dunia iumbwe. Mimi niliinuka kuzima redio. Mume wangu akainua kidole.

"Mambo manne," akasema.

"Mambo manne nini?"

"Jua, mvua, baridi, upepo. Na gari la mkwe wetu ni dogo." Akavuta kalamu mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona nje ya mfuko ule kwa miezi minne. "Niachie mimi, Mama Pacha. Nitafungasha mimi."

Jamani, moyo wangu uliruka. Nilimwachia kwa furaha, nikalala usingizi wa pono. Laiti ningejua.

Saa mbili asubuhi nilimkuta ameshakunja mikono ya shati na ile meza iko mlangoni. Juu yake aliweka kitabu cha fomu za zamani, zile zilizotupwa hospitali siku kompyuta zilipoingia, naye akaziokota akazileta nyumbani akisema karatasi haijafanya kosa lolote. Kila fomu ina namba yake juu kabisa, halafu safu: jina la kifaa, idadi, hali ya kifaa, kwa matumizi ya nani, sahihi ya mwombaji, na pembeni kabisa, safu nyembamba iliyoandikwa "Kimerudishwa."

Mwanzoni nilicheka. Nilijaza ya kofia, nikajaza ya kanga, nikajaza ya taulo. Jua lilikuwa linawaka, kwa hiyo alifungasha kwa ajili ya jua. Alikuwa na kanuni yake: kitakachohitajika kwanza kikae juu, ili mtu asifukue. Kanuni nzuri, siipingi. Tatizo ni kwamba saa mbili na nusu wingu lilikuja likakaa juu ya paa letu, na Baba Pacha akachungulia dirishani, akasema, "Baridi itatangulia," akamwaga mabegi yote kitandani, akaanza upya, sweta likiwa juu.

Saa tatu upepo ukaja. Akamwaga.

Saa tatu na robo jua likarudi. Akasimama na kofia yangu mkononi, akitazama juu kama mtu anayengoja mbingu zimalize kuongea, halafu akamwaga.

"Baba Pacha, hali ya hewa ya hapa si ya kule!"

"Ya kule siioni," akasema. "Nafanya kazi na iliyopo."

Halafu mvua ikanyesha, na mvua ikanikumbusha mabuti.

Hiyo ni habari ya zamani kidogo. Mwaka mmoja mvua ilinyesha hadi barabara ya hospitali ikawa mto, na mume wangu akarudi nyumbani miguu mitupu, viatu mkononi, amelowa hadi magotini. Wakati huo stooni kwake kulikuwa na jozi arobaini za mabuti ya mpira, mapya. Nilipomuuliza kwa nini hakuvaa jozi moja akairudisha kesho yake, alinitazama kama nimemwambia aibe. "Mtunza stoo hajipi kitu, Mama Pacha. Lazima mtu mwingine amwombee na aweke sahihi. Na msimamizi alikuwa ameshaondoka." Alikohoa wiki mbili. Mimi nikaenda dukani nikamnunulia mabuti yake mwenyewe, meusi, ya saizi yake, na hakuyavaa hata siku moja. Yalikaa chini ya kitanda, yamejazwa magazeti yasipoteze umbo. Kila nikifagia nilikuwa nayasukuma kwa ufagio na kuyatukana.

Basi asubuhi ile ya safari nilikuwa nimejaza fomu ishirini na mbili. Ya ishirini na mbili ilikuwa ya nguo zangu za ndani. Nilipofika kwenye safu ya "hali ya kifaa" nikainua macho, nikamwona ameinamisha kichwa, kalamu tayari, anasubiri jibu kwa heshima zote.

Hapo nikachemka.

"Basi! Imetosha! Nina gauni la mteja halijakunjwa pindo, mkwe wako anakuja kutuchukua saa sita, na mimi niko hapa naomba ruhusa ya chupi zangu!"

"Tumekaribia kumaliza," akasema. Akachana karatasi nyingine kitabuni, akaninyooshea juu ya meza. "Imebaki hii moja."

"Sijazi!"

"Ni moja tu, Mama Pacha."

"Hata iwe ya roho yangu, sijazi! Nimeshasema!"

Aliitazama ile karatasi. Akaikunja mara mbili, taratibu, akaitia mfukoni nyuma ya kalamu. "Sawa," akasema. Mimi nikageuka nikaenda zangu kwenye cherehani, nikaikanyaga kwa hasira mpaka uzi ukakatika mara mbili, na nikawa najiona mshindi.

Mkwe wetu alifika saa sita kasoro kumi. Ni fundi wa friji, kijana mpole, na gari lake dogo huwa lina mtungi wa gesi nyuma ambao hautoki humo hata kwa harusi. Alisimama sebuleni akatazama masanduku mawili, maboksi matatu yaliyofungwa kwa kamba, na mfuko mkubwa wenye kibandiko "DHARURA."

"Shikamoo Mama. Mnahama?"

"Marahaba. Usiniulize mimi, mwulize Stoo."

Baba Pacha alitoka nje na orodha yake akasimamia upakiaji. Boksi la tatu kwanza. Hapana, lisimame, lisilale. Sanduku kubwa juu ya mtungi. Mkwe wangu alikuwa anahema, anasema "Ndiyo, Baba," anapanga, anapangua. Nje kulikuwa na jua na manyunyu kwa wakati mmoja, kana kwamba na huko juu kuna mtu anajaza fomu. Na nitasema ukweli: pamoja na kero zote zile, nilisimama kizingitini nikamwangalia mume wangu akiwa amenyoosha kidole, shingo imenyooka, sauti imerudi, na nikasema kimoyomoyo, huyu ndiye. Amerudi. Siku tatu huko mlimani atakuwa mzima kabisa.

Nikaingia garini, kiti cha nyuma, nikajibana pembeni kumwachia nafasi.

Hakuingia. Alikuja dirishani kwangu, akaniletea orodha na kalamu. "Weka sahihi hapa chini. Kwamba umevipokea vyote."

Nikaichukua nikiwa nacheka. Kwa kuwa mimi ni mkorofi nikasema, "Sitii sahihi nisichokisoma," nikaanza kusoma kwa sauti ili mkwe asikie. Kofia ya jua, moja. Mwavuli, mmoja. Sweta la kijani, moja. Taulo, moja. Mto, mmoja. Mswaki, mmoja. Nikaendelea. Karibu na chini sauti ikaanza kunipungua yenyewe. Vitu sitini na nne, na kwenye safu ya "kwa matumizi ya nani" mwandiko wake mzuri ulishuka kutoka juu hadi chini ukisema jambo lile lile: Mama Pacha, Mama Pacha, Mama Pacha. Hapakuwa na suruali hata moja. Hapakuwa na mswaki wa pili.

Nikamtazama. Alikuwa amevaa ndala.

"Baba Pacha. Nguo zako ziko wapi?"

"Ziko kabatini."

"Zinafanya nini kabatini?"

"Hakuna aliyeziomba."

Mkwe wangu alizima injini, kisha akaanza kurekebisha kioo cha pembeni, kioo ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

"Wewe, usinichezee," nikasema. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu. "Hii safari ni yetu. Ni nani aliyekwambia naenda peke yangu?"

"Ulisema unahitaji kupumua," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma lebo ya boksi. "Ulisema umechoka kuniangalia. Nikaona ni haki yako. Nikasema basi, nimfungashie vizuri, baridi isimkute, mvua isimkute."

Nikaikunja ile orodha, nikaikunjua.

"Halafu leo nikaona nijaribu," akaendelea, macho yake kwenye kitasa cha mlango wa gari. "Nikasema nitamletea ile moja ya mwisho. Akiijaza, nakwenda. Asipoijaza, nimeelewa. Ndivyo tulivyofanya siku zote kazini, Mama Pacha. Kitu kikihitajika, mtu huja akakiomba."

Niliona aibu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na niliiona mbele ya mkwe. Miezi minne nilikuwa nafanya mipango ya kumtoa yule mtu kwenye kile kiti. Nilimpangia kwa binti yangu, nikampangia kwa majirani, nikampangia kimoyomoyo. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwambia njoo.

Nikafungua mlango nikatoka. Manyunyu yalikuwa yameamua kuwa mvua. Nikaingiza vidole kwenye mfuko wa shati lake nikaichomoa ile karatasi, nikaikunjua juu ya paa la gari. Fomu namba ishirini na tatu. Alikuwa ameshaandika sehemu moja tu, kwa herufi ndogo: "Vya mtunza stoo." Kwingine kote kulikuwa kweupe.

"Kalamu," nikasema.

Akanipa. Karatasi ikaanza kulowa. Tulikuwa tumefungasha mwavuli, koti na turubai, na vyote vilikuwa chini kabisa ndani ya boksi la tatu, kwa sababu mara ya mwisho alipochungulia dirishani kulikuwa na jua. Mkwe wangu, Mungu ambariki, alishuka akavua koti lake akanitandia juu ya kichwa na karatasi, akabaki amesimama hapo, amelowa, anatazama pembeni kwa adabu.

Nikaandika. Suruali, tatu. Mashati, manne. Sweta, moja. Mswaki, mmoja. Mabuti ya mpira, jozi moja. Kisha nikapiga mstari, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: MUME, MMOJA.

Nikamrudishia. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, maji yakimtiririka puani. Alipofika chini akaweka kidole karatasini.

"Hapa hujajaza," akasema. "Hali ya kifaa."

"Andika kimetumika."

"Kimetumika."

"Lakini kinafanya kazi."

"Kinafanya kazi," akarudia, akiandika. "Kwa matumizi ya nani?"

"Ya nani tena? Yangu mimi!"

"Na kikiharibika huko?"

"Mimi ni fundi, nitakishona mwenyewe. Baba Pacha, tafadhali, naomba twende wote. Nakuomba. Umesikia? Na sahihi ndiyo hiyo naiweka."

Nikaiweka sahihi, kubwa, ikachuruzika wino hadi chini. Akaikagua. Akaikunja. Kisha mume wangu, mtu wa miaka sitini, akaingia ndani mbio na ndala zake.

Alitoka baada ya dakika nne. Huyu ni mtu ambaye asubuhi ile ile alikunja leso yangu pembe kwa pembe na kuipiga pasi kwa kiganja. Sasa alikuja amebeba mfuko mmoja wa plastiki, suruali zimesokomezwa humo kama matambara, mkono wa shati unaning'inia nje unakokota maji. Miguuni alikuwa na mabuti ya mpira, na ndani ya buti la kushoto gazeti bado lilikuwa linachungulia. Nilimsogezea nafasi.

Haikutosha. Mfuko, yeye na mimi hatukuenea na boksi la pili hapo katikati. "Kimoja kibaki," mkwe akasema.

Baba Pacha akatoa kichwa nje, akapima mbingu kwa jicho lake la kitaalamu. Mvua, wingu zito, upepo.

"Acha hilo la pili, la vitu vya jua," akaamuru.

Kwa siku tatu huko mlimani jua liliwaka la kuoka mkate juu ya bati. Hapakuwa na wingu hata la kufutia jicho. Kofia yangu, nguo nyepesi na miwani vilikuwa nyumbani sebuleni, vimefungwa kwa kamba vizuri sana. Mimi nilitembea vichakani na sweta la kijani limefungwa kichwani kama kilemba. Yeye alivaa mabuti ya mpira kuanzia asubuhi hadi jioni, kwenye nyasi kavu, kwenye vumbi, kwenye kochi la watu. Yalikuwa yanalia kwachu, kwachu kila alipokwenda, na alikwenda kila mahali: kisimani, kwenye banda la kuni ambalo alilipanga upya bila kuombwa, na hadi nyumba ya tatu kumwuliza mwenye mbuzi kama anawahesabu jioni au asubuhi. Nilimwambia ayavue, miguu itaoza. Akasema nimemwombea mwenyewe, kwa sahihi.

Ile fomu ninayo. Iko kwenye droo ya cherehani yangu, chini ya mikasi, wino umesambaa lakini inasomeka. Siku hizi kiti cha dirishani nakiwekea nguo za wateja, kwa maana hakikaliwi. Lakini mara moja moja, nikiwa nashona, Baba Pacha huja akasimama nyuma yangu na kalamu yake, akakohoa kidogo.

"Mama Pacha, ile namba ishirini na tatu haijafungwa. Safu ya 'Kimerudishwa' iko wazi."

"Najua."

"Ulipaswa kurudisha Jumapili."

"Najua," namwambia, bila kugeuka. "Sirudishi."